Mnyama wa Ngozi na Mnyama wa Jiwe

Mnyama akifa, mwanadamu anayetaka kubaki naye ana njia mbili. Ya kwanza ni kuihifadhi ngozi yake, kuijaza, kuishona na kuisimamisha tena kwa miguu yake minne. Ya pili ni kumwacha mnyama aende zake, kisha kulitafuta umbo lake katika jiwe, mti, udongo au madini. Watu wengi hudhani kwamba njia ya kwanza ndiyo ya kweli zaidi, kwa sababu ngozi ni ngozi yake, pembe ni pembe zake, na kila unywele ni wake mwenyewe. Insha hii yadai kinyume cha hayo. Mashahidi wake watatoka katika nchi ya Misri ya kale. Lakini hakimu utakuwa wewe, msomaji uliyelelewa Kitale au Bungoma, na sababu za kukupa kiti hicho utaelezwa.

Tuanze nyumbani. Kitale ina nyumba ya makumbusho ambayo asili yake ni kazi ya mtu mmoja. Luteni Kanali Hugh Stoneham, Mwingereza aliyekuwa na mapenzi makubwa ya viumbe, aliifungua makumbusho yake mwenyewe mwaka 1926. Alikusanya wadudu, ndege, wanyama na vitabu maisha yake yote. Na alipofariki mwaka 1966 aliacha wasia kwamba mkusanyo wake, pamoja na fedha za kujengea nyumba mpya, vitumike kwa manufaa ya watu wote. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1974. Mtu aingiaye humo hukutana na ndege waliokaushwa, vipepeo waliochomwa sindano, na wanyama waliotulia kimya. Si haki kuidharau kazi ya namna hii. Kipepeo aliyehifadhiwa vema aweza kumwambia mtaalamu wa leo ni rangi gani iliyokuwapo, wadudu wa aina hiyo walikuwa na ukubwa gani, na msitu wa wakati ule ulikuwa na viumbe gani ambao wa leo hauna. Hiyo ni elimu, nayo haipatikani katika sanamu hata moja ya Misri.

Lakini mwangalie mnyama wa ngozi kwa jicho la mchungaji, si kwa jicho la mtaalamu. Kitu gani kimemtoka? Uhai, utasema, naam, lakini uhai ni neno pana. Mimi nasema kwamba kilichomtoka kwanza ni uzito. Ng'ombe aliye hai huikanyaga ardhi. Akisimama, uzito wake hushuka kutoka mgongoni, hupita begani na nyongani, ukaingia ardhini kwa kwato nne, na kila mara mguu mmoja huwa umechoka kuliko mingine. Mnyama aliyejazwa hakanyagi kitu. Husimama kama kanzu iliyotundikwa msumarini. Misuli iliyokuwa ikivutana chini ya ngozi haipo. Mahali pake pana pamba, majani makavu au takataka za mbao. Na jicho lake la kioo hutazama kila upande, maana yake halitazami popote.

Wamisri wa kale walizijua njia zote mbili, na ndiyo sababu inafaa kuwaita mashahidi. Kwa maelfu ya miaka walikausha maiti za wanyama kama walivyokausha maiti za watu: paka, mamba, nyani, kozi, kwarara, hata mafahali wazima wa mungu Apis, ambao makaburi yao ya chini ya ardhi huko Saqqara yalifukuliwa na Mfaransa Auguste Mariette mwaka 1851. Katika karne za mwisho za dola yao, kazi hii ikawa biashara kubwa. Msafiri aliyekwenda kuhiji alinunua paka au ndege aliyefungwa vitambaa, akamtoa sadaka. Mwaka 2015 wataalamu wa Manchester walitoa habari za uchunguzi wao wa maiti hizo, zipatazo mia nane, kwa mitambo ya kupiga picha za ndani. Karibu theluthi moja hazikuwa na mnyama ndani yake hata kidogo. Zilikuwa na matope, vijiti, manyoya na maganda ya mayai, vyote vimefungwa kwa ustadi mkubwa. Basi mnunuzi alipewa kitambaa chenye umbo la paka.

Hata hivyo, Mmisri yuleyule aliyejua kumhifadhi paka kwa chumvi na kitambaa, alipotaka kuiona nguvu ya mungu wake kwa macho hakuridhika na maiti. Alimwendea mchongaji. Yafaa ieleweke kwamba kwa imani yao mnyama hakuwa mungu kwa sababu tu ya kuwa mnyama. Alikuwa ni alama ya nguvu fulani na mahali ambapo nguvu hiyo huweza kushukia. Kozi alikuwa wa Horus, ng'ombe wa Hathor, paka wa Bastet, simba jike wa Sekhmet, mbweha wa Anubis, kwarara na nyani wa Thoth, bwana wa maandishi na hesabu. Kwa hiyo sanamu haikutakiwa kuwa pambo. Ilitakiwa iwe na nguvu; na sanamu isiyoshawishi jicho haina nguvu.

Sasa, kwa nini mwanafunzi wa Kitale au Bungoma awe hakimu wa vitu hivi, ambavyo vingi vimo katika majumba ya Cairo, London, Berlin na New York? Fuata maji. Mto Nzoia hutoka milima ya Cherangani, hupokea vijito vya Mlima Elgon, hupita Webuye na kuanguka pale Nabuyole, kisha huenda Ziwa Viktoria. Kutoka ziwani maji hutoka Jinja yakiitwa Naili, nayo huishia Misri. Maji hayo zamani yalikuwa na wanyama walewale kutoka mwanzo hata mwisho wake. Baadaye, huko chini, watu walizidi, mabwawa yakakaushwa, wanyama wakatoweka. Kwarara wa Thoth na kiboko walikwisha kutoweka Misri katika karne ya 19. Huku juu wangalipo. Viboko wamo Ziwa Viktoria. Kwarara hutembea katika mashamba na mabwawa ya Kenya ya magharibi. Nyani huishi katika misitu ya Elgon. Na ng'ombe yuko uani kwenu. Mtaalamu wa Ulaya asomaye maandishi ya Misri anajua mengi usiyoyajua; lakini katika jambo hili moja, yaani kama mnyama huyu amekaa kama mnyama akaavyo, wewe una ushahidi ambao mara nyingi yeye hana.

Mchukue kwarara. Mwili wake ni mweupe, lakini kichwa na shingo havina manyoya, ni ngozi tupu nyeusi. Mdomo wake ni mrefu na umepinda kama mundu. Mafundi wa zama za mwisho za Misri walimtengeneza mara nyingi kwa vitu viwili: kiwiliwili cha mti uliopakwa dhahabu au rangi, au cha jiwe jeupe, kichwa na miguu ya shaba iliyochanganywa na bati. Mtu asiyemjua ndege huyu hudhani fundi alikuwa akionyesha utajiri wake. Aliyemjua huona mara moja kwamba fundi aliikata sanamu palepale ambapo maumbile yenyewe yamemkata ndege: manyoya yalipoishia na ngozi tupu ilipoanzia. Tazama pia miguu. Mara nyingi ndege huyo ameketi, miguu imekunjwa mbele yake, na kifundo kimeinuka kama goti lililogeuzwa. Hilo fundi hakulibuni nyumbani. Alikwenda bwawani akachungulia.

Au mchukue nyani. Katika Berlin ipo sanamu ya nyani ya jiwe jeupe laini, kimo chake karibu nusu mita, yenye jina la mfalme Narmer, aliyetawala karibu miaka 5,000 iliyopita. Ni miongoni mwa sanamu za kale mno za wanyama tulizo nazo kutoka Misri. Nyani ameketi, mikono juu ya magoti, na mabega yake yamefunikwa na manyoya mengi kama joho. Nyani huyo si wa aina ya nyani wetu wa Elgon. Ni yule wa Pembe ya Afrika na Uarabuni, ambaye dume lake lina joho la manyoya ya kijivu. Misri haikuwa na nyani wa porini wa aina hiyo. Waliletwa kwa safari ndefu, na uchunguzi wa maiti zilizohifadhiwa, uliochapishwa mwaka 2020, umeonyesha kwamba mmoja wao alizaliwa huko kusini, katika nchi ambazo leo ni Eritrea, Ethiopia na Somalia. Lakini haidhuru aina. Mtoto yeyote wa Trans Nzoia aliyewahi kulinda mahindi amemwona dume la nyani limeshiba, limeketi juu ya kichuguu, mikono juu ya magoti, likitazama shamba kana kwamba ndilo lililolipanda. Huo ndio ukaaji wa nyani wa Narmer. Mchongaji hakumchonga akiruka wala akionyesha meno, kwa kuwa kuruka ni jambo la dakika moja, bali kukaa hivyo ndiyo tabia yake. Tena nyani wakipatwa na baridi ya usiku huligeukia jua la asubuhi wapate joto. Wamisri waliliona hilo wakalifanya ibada: juu ya hekalu la Ramesses wa Pili huko Abu Simbel wamesimama nyani kwa safu nzima wakilielekea jua lichomozapo, mikono yao imeinuliwa.

Hapa yapasa tuulize jinsi kazi yenyewe ilivyofanywa, maana si rahisi kuhukumu kazi usiyojua ugumu wake. Graniti ya Aswan haikatwi kwa patasi ya shaba. Mafundi waliipondaponda kwa mawe magumu zaidi, chembe kwa chembe, kisha wakaisugua kwa mchanga hata ikang'aa. Kabla ya kuanza, walichora miraba kwa rangi nyekundu juu ya kila upande wa jiwe, na umbo la mnyama likapimwa kwa miraba hiyo, upande mmoja baada ya mwingine. Mguu mwembamba wa jiwe huvunjika upesi. Kwa hiyo mara nyingi walipomchonga mnyama aliyesimama waliacha jiwe katikati ya miguu bila kulitoboa, na mara nyingi zaidi walimchonga ameketi au amelala. Wengine husema kwamba huu ni udhaifu, kwamba Wamisri hawakujua kumwonyesha mnyama akienda mbio. Walijua sana, tazama picha zao za kuwinda zilizochorwa katika kuta za makaburi, ambamo swala na mbwa huruka kila upande. Katika jiwe walichagua utulivu kwa kuwa jiwe lenyewe limetulia, na fundi mwenye akili hashindani na kitu anachokifanyia kazi.

Ushahidi mkubwa wa neno hili ni simba wawili wa graniti nyekundu walio katika British Museum ya London. Walichongwa katika karne ya 14 kabla ya Kristo kwa ajili ya hekalu la Amenhotep wa Tatu huko Soleb, katika nchi ambayo leo ni Sudan, na mmoja wao ana maandishi ya Tutankhamun. Baadaye mfalme mmoja wa Kushi aliwahamishia Jebel Barkal, na mwaka 1835 Lord Prudhoe akawatoa kwa Waingereza. Desturi ilikuwa simba alale kifudifudi, miguu ya mbele imenyooka sambamba, kichwa kimetazama mbele, kama askari katika gwaride. Wawili hawa sivyo. Wamelala kwa ubavu, nyonga moja imeshuka chini, mguu mmoja wa mbele umepita juu ya mwenzake, na kichwa kimegeuka kumtazama mpitaji. Simba huenda hukumwona kwa macho yako, kwa kuwa amekwisha kutoweka katika maeneo yetu. Basi mwite shahidi mwingine: paka wa jikoni. Mtazame akiwa amelala karibu na jiko, akasikia mlango. Hasimami. Nyonga hubaki palepale, mguu hubaki juu ya mguu, shingo peke yake hugeuka. Ana hakika kwamba hapana haja ya kuinuka. Na hakika hiyo ndiyo nguvu yake. Mchongaji wa Soleb aliliona jambo hilohilo. Hakuchonga nywele za simba moja moja. Aliyafanya manyoya ya shingo kuwa duara laini lililouzunguka uso, akazipitisha mbavu na misuli kwa mistari michache tu. Ameacha mengi, lakini uzito hakuuacha. Ukimwona, hata katika picha, wajua ni upande gani wa mwili unaolibana jiwe.

Wala rangi si dhamana ya ukweli. Katika Metropolitan Museum ya New York yumo kiboko mdogo, urefu wake sentimita 20, aliyetengenezwa kwa unga wa mawe uliochomwa hata ukang'aa kama kigae. Umri wake wapata miaka 3,900, naye ni wa buluu! Hapana kiboko wa buluu katika ziwa lolote la dunia, tena huyu amechorwa mayungiyungi mwili mzima, kana kwamba bwawa lote limepanda mgongoni mwake. Katika rangi fundi amesema uongo mtupu. Katika umbo amesema kweli tupu, yaani ule mwili mzito uliojaa, miguu mifupi, na kichwa kilichokaa kama jiwe la mtoni. Miguu yake mitatu ni ya kutengenezwa upya, kwa maana ile ya asili ilivunjwa makusudi zamani alipotiwa kaburini, ili asiweze kumdhuru marehemu. Fikiri juu ya jambo hilo. Hakuna mtu aliyewahi kuivunja miguu ya ngozi iliyojazwa kwa kuogopa kwamba itamfukuza.

Lakini mnyama ambaye watu wa Bungoma wana haki kubwa kuliko wote ya kumhukumu ni ng'ombe. Mwaka 1906 wachimbuzi waliokuwa chini ya Édouard Naville walifungua chumba kidogo kilichochongwa katika mwamba huko Deir el-Bahari, wakamkuta ndani yake ng'ombe wa jiwe lililotiwa rangi, mkubwa kama ng'ombe wa kweli. Ni Hathor, akitoka katika mafunjo ya bwawani. Mashina ya mafunjo yamesimama pande mbili za shingo yake. Chini ya kidevu amesimama mfalme, amehifadhiwa. Na chini ya tumbo mfalme yuleyule, safari hii mtoto mdogo, amepiga magoti ananyonya kiwele. Twaweza kusema mengi juu ya dini yake, lakini kwanza tazama jinsi anavyotoka. Kila aliyewahi kuwatoa ng'ombe majanini ajua kwamba ng'ombe hatafuti njia kwa miguu yake. Hutanguliza uso, matete yakampiga mabegani, naye hajali. Hathor wa Deir el-Bahari hajali. Mfalme wa nchi mbili, aliyeziogopesha nchi za jirani, amewekwa chini ya kidevu chake kama ndama, naye ng'ombe atazama mbele kwa upole ule usiomjua mfalme ni nani. Sijui kama ipo sanamu nyingine inayosema wazi hivi kwamba mwenye kutawala watu naye hunyonyeshwa. Ninachokijua ni kwamba neno hilo lisingeaminika kama kiwele kingekuwa cha mtu asiyepata kukama.

Ulipo ustadi zaidi, ingawa watazamaji wengi huupita, ni pale mnyama alipounganishwa na mtu. Sfinksi ya Giza, yenye urefu wa mita 73, ina mwili wa simba na kichwa cha mfalme. Na kwa kweli kichwa ni kidogo kuliko mwili unavyodai, kwa hiyo sanamu hii maarufu kuliko zote si bora kuliko zote. Sekhmet ni bora zaidi. Amenhotep wa Tatu aliagiza sanamu zake kwa mamia: mwanamke aliyeketi, kichwa chake ni cha simba jike. Shingo ya simba na shingo ya mwanamke hazipatani, fundi alifanyaje? Aliyaleta manyoya ya simba chini kidogo, akayaleta maungio ya nywele za mwanamke juu kidogo, na mahali pa kuungana pakajificha baina ya viwili hivyo. Ukitafuta mshono huuoni. Na bora kuliko hiyo ni sanamu ya mfalme Khafre iliyofukuliwa Giza mwaka 1860. Nyuma ya kichwa cha mfalme ametua kozi, mabawa yake yamekishika kichwa pande zote mbili. Ukisimama mbele ya mfalme kozi humwoni. Wamwona mtu peke yake, mwenye utulivu wa ajabu. Zunguka upande, ndipo utajua utulivu ule watoka wapi.

Tusiwasifu kupita kiasi. Zilipokuja zile karne za biashara ya mahujaji, paka wa shaba walitengenezwa kwa maelfu. Yuko mmoja mashuhuri, yule aliyetolewa kwa British Museum na Gayer-Anderson, mwenye vipuli vya dhahabu masikioni, aliyeketi wima kana kwamba ameambiwa siri. Huyo ni wa karibu mwaka 600 kabla ya Kristo, nami sina la kumlaumu. Lakini kwa mmoja kama huyo wapo mamia ambao ni paka kwa jina. Masikio yapo, mkia upo, ukaaji upo, ila fundi hakumwangalia paka, alimwangalia paka wa shaba wa fundi mwenziwe. Sanamu ikinakiliwa kutoka sanamu mara mia, hufanana na ngozi iliyojazwa: alama zote zipo na mnyama hayupo.

Jambo hilo lipo kwetu pia. Vinyago vya tembo, twiga na vifaru vinavyouzwa katika maduka ya miji yetu vina historia ya heshima. Husimuliwa kwamba Mutisya wa Munge, Mkamba wa Wamunyu, alijifunza uchongaji kwa mafundi wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao kwao, na kijiji kizima kikapata riziki. Ni mikono yenye wepesi mkubwa, na mtu anayekula kwa jasho lake haulizwi mbona. Lakini mhakiki hana budi kusema kwamba twiga wengi wa barabarani wamezaliwa na twiga wengine wa barabarani. Wana shingo ndefu, kwa kuwa mnunuzi hutambua shingo. Jinsi twiga anavyoitanua miguu ya mbele ili anywe maji, na aibu ile anayokuwa nayo wakati huo, ni vinyago vichache sana vinavyojua.

Liko neno moja zaidi, nalo laigusa Bungoma hasa. Mapokeo ya Babukusu husema kwamba wahenga wao walitoka Misri. Gideon Were, aliyechapisha historia ya Abaluyia mwaka 1967 baada ya kukusanya habari kwa wazee, ni mmoja wa walioyaandika mapokeo ya namna hiyo. Lugha ya Lubukusu ni ya Kibantu, na wanahistoria wengi huona kwamba jina Misri katika masimulizi haya ni jina la mahali pa kaskazini, si lazima iwe nchi ya mafarao. Mwanafunzi aweza kushawishika kusema: Sanamu hizi ni zetu, kwa kuwa sisi ni watu wa Misri. Mimi sitamnyang'anya mtu masimulizi ya babu yake. Ila natamka kwamba dai hilo, hata likiwa kweli, halitamsaidia kuiona sanamu. Mjukuu wa mchongaji asiyewahi kumtazama ng'ombe hatamwelewa Hathor. Mchungaji wa Kimilili ambaye hana udugu naye hata kidogo atamwelewa kwa mtazamo mmoja. Kuna urithi wa damu, na kuna urithi wa jicho. Huu wa pili hauhitaji ushahidi wa wazee, nao hupatikana kila asubuhi zizini.

Tena wapo wachongaji wanyama katika nchi yetu ambao hakuna anayewaita wachongaji. Ni wavulana wanaofinyanga ng'ombe wa udongo kando ya mito wakati wa kuchunga. Watu wazima huona ni mchezo, mvua ikinyesha ng'ombe wote huyeyuka, na hapana makumbusho inayowaokota. Katika British Museum, si mbali na wale simba wa Soleb, wamewekwa ng'ombe wanne wadogo wa udongo juu ya kibao kimoja, waliotolewa katika kaburi huko el-Amra, nao ni wa karibu mwaka 3500 kabla ya Kristo, kabla ya kuwapo farao hata mmoja. Wamesimama ubavu kwa ubavu, kama ng'ombe wasimamavyo mtoni wakinywa. Ng'ombe wa mvulana wa Bungoma ana nundu na wa el-Amra hana, kwa sababu ng'ombe wa nundu walikuja Misri baadaye sana. Lakini ukiwaweka pamoja utaona kwamba wote wana miguu mifupi na minene kupita kiasi. Udongo mbichi hauwezi kubeba mwili juu ya miguu myembamba, na wafinyanzi hao wawili, ambao kati yao pana miaka zaidi ya 5,000 na mto mzima wa Naili, walipolazimika kuchagua baina ya urefu wa miguu na uzito wa tumbo, walichagua tumbo.